Kiti Tulichogombea Mimi na Papa

Mujukuu wangu Riziki,

Natumaini uko muzima huko Lubumbashi. Hapa Kalemie tuko salama. Shangazi yako amejifungua mutoto mwanamuke.

Umeniuliza namna gani mufalme wa Hispania na mutoto wake waligombania kiti, kisha wote wawili wakamuachia mutawala wa Ufaransa, naye akamupa ndugu yake. Mimi najua namna.

Wakati wa Zaire, papa yangu, yaani baba aliyenizaa, alikuwa chifu wa kijiji chetu, upande wa Mpala. Nilimuonea wivu mpaka chakula kikanishinda. Nikakusanya vijana, tukamulazimisha aniachie kiti. Akaenda kunishitaki kwa mukubwa mumoja wa serikali mujini, naye akatuita wote wawili.

Mukubwa akaniambia, "Rudishia papa yako kiti." Nikatia sahihi karatasi ya kumurudishia. Kisha akamugeukia papa. "Papa, umezeeka, na mutoto wako hafai. Niachie mimi, nitawatunzia kijiji."

Papa akanitazama, akangoja. Ningesema neno moja tu, asingetia sahihi. Lakini wivu ulinifunga kinywa. Niliona afadhali naye akose. Akaandika jina lake. Juma lile lile, mukubwa akamukalisha ndugu yake mwenyewe juu yetu, mutu asiyejua hata lugha yetu.

Tukiwa njiani kurudi, papa aliniuliza, "Sasa umefurahi?"

Nikaongeza mwendo, nikamutangulia. Wewe nakuambia ukweli, Riziki: nilikuwa nimefurahi kidogo. Hiyo njo aibu ninayobeba mpaka leo.

Mimi babu yako anayekupenda.