Maji Ambayo Sikuyamwaga

Dada yangu Walpurga,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji Endris, na natumaini kile kikohozi cha majira ya baridi kimekuachia. Mimi ni mzima. Zabibu za mteremko wa juu zimeiva vizuri mwaka huu, ila nazitazama dirishani tu, na sababu yake nadhani umeshaisikia sokoni.

Ndiyo, ni kweli. Nimebatizwa upya, katika ghala la kukamulia zabibu, nikiwa na miaka arobaini na mmoja na akili zangu timamu. Ni kweli pia kwamba ofisa wa mtawala, ambaye sheria yake inakataza ubatizo wa pili, ameamuru nifungwe mnyororo nyumbani kwangu, maana mwanamke akipelekwa gerezani, nani atawapikia watoto? Wana huruma kweli! Mnyororo unatoka kwenye nguzo ya jikoni, unafika kitandani, unafika motoni, unakomea hatua moja kabla ya mlango. Mhunzi alipoukaza mguuni mwangu aliona haya. Nikamwambia akaze tu, ingawa mguu huo ndio uliokwenda mbio kumzalisha mkewe mara nne.

Walidhani ukunga wangu umekwisha. Thubutu! Juma lililopita Kunigund, mke wa msaga ngano, alikuja mwenyewe ameshika kiuno, akasema mkunga mwingine hamtaki. Akajifungulia papa hapa, kando ya sufuria ya dengu. Msichana, mnono, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Jirani mmoja akachungulia dirishani akipayuka, "Haya, mama wa kubatiza mara mbili, huyo naye unamngoja aote ndevu?" Nikamwambia yeye ndevu anazo, akili ndiyo tunayoingoja.

Jumanne akaja mchungaji. Alisema kwa upole, siwezi kumsingizia. Alinitaka Jumapili nimpeleke mtoto wa Kunigund kwenye maji kwa mikono yangu, nikiri mbele ya kanisa kwamba watoto wachanga lazima wabatizwe, na mnyororo utafunguliwa siku hiyo hiyo. Nikikataa, nitafukuzwa nchini na kuwaacha wanangu. Nikamwuliza mtoto asiyejua hata kuita mama anaweza kuahidi nini. Hapo akanishika pabaya. Akasema mtoto wako nilimmwagia maji mimi mwenyewe, ndiyo maana akazikwa ndani ya ua wa kanisa, wasikozikwa wasiobatizwa, sasa mbona nawanyima wengine?

Nikaomba nimjibu Jumapili. Mimi, Walpurga, niombe muda! Lakini jibu hilo ni lako kwanza.

Sikummwagia maji. Jörg wako alitoka amebadilika rangi, kitovu kimemzunguka shingoni, nawe ukawa unanililia nimbatize haraka. Bakuli lilikuwa pale pale. Lakini mikono yangu ilikuwa ikimsugua kifua, kinywa changu kikimpulizia pumzi, na sikutaka kumwacha hata kwa muda wa kuchovya kidole. Alipokwisha kufa, ukaniuliza kama niliwahi. Nikasema ndiyo. Miaka tisa nimeibeba hiyo ndiyo. Nilimwogopea mtoto yule hadi nikakonda, mpaka nikachoka kumwogopa Mungu ambaye angemfungia mtoto mlango wa mbinguni kwa sababu mkunga wake alikuwa akijaribu kumponya. Mungu wa namna hiyo simtaki, na siamini kwamba yupo. Imani yangu ilianzia hapo, kitandani pako, si ghalani.

Uongo ule naujutia, na ninakuomba msamaha nikiwa nalia. Maji ambayo sikuyamwaga siyajutii. Jumapili nitamwambia mchungaji hivyo hivyo, na wakinifukuza, wanifukuze. Lakini mtu akithubutu kugusa kaburi la Jörg, kijiji hiki kizima nilichokizalisha kitanisikia kutoka hapa hapa nilipofungwa.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako mwambie asiache kunywa ile dawa ya miguu. Ukiwa na hasira, njoo unigombeze kabla ya Jumapili. Ila usisimame nje kungoja nikufungulie, dada. Mlangoni sifiki. Ingia tu.

Mdogo wako,
Apollonia