Biskuti za Dharura Zimeliwa Ofisini

Fusae shoga, huyu mjukuu wangu Mizuho atanitoa roho!

Baada ya tetemeko la leo treni zote zimesimama. Nikampigia kazini kwake Tokyo: "Chukua ule mkoba wa dharura niliokufungashia. Vaa raba, kula biskuti, uanze kutembea kuja nyumbani."

Akanijibu: "Bibi, raba zipo. Biskuti sina."

Biskuti hana! Na unamjua, akikaa na njaa huanguka.

Eti alirudi kutoka matembezini Kyoto mikono mitupu. "Ningeingiaje ofisini bila zawadi, Bibi? Wangenionaje?" Basi akazifunga biskuti zangu kwa karatasi ya maua, akamgawia kila mmoja!

Tena anacheka: "Mkuu wetu alizisifu, akasema watu wa Kyoto wanajua kuoka."

Watu wa Kyoto! Nilizinunua hapa dukani kwa Hamano!

Madukani huko vyakula vimeshabebwa vyote. Ameanza kutembea tumbo tupu, na sasa simu yake haipatikani.

Siwezi kukaa, Fusae. Nimefinyanga matonge ya wali, naenda kumngoja pale darajani atakapopita. Nikimwona, ale kwanza. Kumsema baadaye.