Utando wa Mwanahamisi

Mchumba wangu Salima,

Pokea salamu kutoka huku kwenye mkonge wa Bagamoyo. Bibi yako hajambo, ila macho yanamsumbua. Umeuliza kwa nini nachechemea.

Ujanani nilikuwa na kidonda cha mguu kisichofunga. Dresa wa zahanati alikifunika kwa utando mwembamba, ule unaomzunguka mtoto tumboni. Aliyeutoa ni Mwanahamisi, jirani katika kambi yetu ya wakata mkonge, aliyekuwa amejifungua. Kwao zalio, yaani kondo pamoja na utando wake, huzikwa lote nyumbani, lakini alikubali kwa sharti moja: utando ukimaliza kazi arudishiwe, auzike.

Maumivu yalitulia. Lakini wenzangu kambini walicheka: "Shikamoo mama mzazi! Arobaini yako inaisha lini?" Siku ya tatu nikaubandua, nikautupa kwenye makapi ya mkonge.

Baadaye Mwanahamisi akaja, mtoto mgongoni. "Kaka, umepona? Nipe changu nikazike."

Nikamwambia umeyeyuka mguuni.

"Alhamdulillahi," akasema, "basi umekuwa mwili wako." Akaniachia mihogo.

Kidonda kilirudi, kikala hadi mfupa. Nilistahili. Tangu siku ile sijala mihogo, na bibi yako hudhani ni tumbo. Wa kwanza kuambiwa haya ni wewe.

Babu yako