Shamba Nililolivua Nguo

Kaka Masanja,

Mama hajambo? Ziwa lililo kwenye picha ya kadi hii lisikudanganye. Huku Muleba mvua imekata na jua linachoma kama la kwetu Kishapu.

Ugeni wangu ukweni umeanza vibaya. Jana asubuhi, nikitaka kumfurahisha mama mkwe, niliingia kibanjani, kwenye migomba inayozunguka nyumba yake, nikafagia nyasi na majani makavu yote. Nilidhani atanisifu. Alishika kiuno. "Mwanangu, umelivua shamba nguo juani." Kumbe nyasi zile huzikata mwenyewe rweya, kule kwenye uwanda usio na miti, kisha huja kuzitandaza hapa.

Mchana alinirudisha tukagusa udongo. Pale nilipofagia palishakuwa vumbi. Pembeni, chini ya nyasi zilizobaki, palikuwa na ubaridi na unyevu. "Mgomba nao unakunywa maji na kuyatoa kwa majani," akasema, "lakini unatulipa ndizi. Udongo ulio uchi unalinywesha jua bure."

Tangu hapo situlii. Nikikaa nasimama. Nakuona ukikusanya mabua ya mtama uyachome, shamba lipendeze, kama baba alivyotuzoesha. Simu yako haipatikani, kwa hiyo kadi hii nampa konda wa basi la Shinyanga. Usichome, kaka. Yatandaze hapo hapo yalipo.

Wasalimie watoto, waambie shangazi anawaletea senene, panzi wa kukaanga wa huku. Na kiberiti mpe mama akifiche mpaka nirudi.

Mdogo wako,
Minza