Mwajemi Angeniokolea Idd Yangu

Jumamosi, 13 Oktoba 2007. Bellevue, Johannesburg. Mawingu tangu asubuhi, radi upande wa kusini, mvua haijaamua.

Leo ni Idd, na nimeshinda Sandton nikipandisha matofali.

Nina hasira. Wiki iliyopita msimamizi alitaka nimtajie siku ya Idd anipe ruhusa ya siku moja. Nikamuuliza mzee mmoja msikitini. Akasema, "Mwanangu, tusubiri mwezi." Nikamwambia kuwa bosi wangu hasubiri mwezi. Akacheka, nami nikaondoka. Basi nikafuata maneno ya wenye ndugu Arabuni, nikataja Ijumaa.

Alhamisi jioni mwezi haukuonekana. Ijumaa nikawa na ruhusa, na nimefunga. Magharibi nikauona mwenyewe juu ya mapaa, mwembamba, wazi kabisa. Sikufurahi.

Leo nikaomba angalau saa ya swala. Msimamizi akanijibu, "Eish, baba, sikukuu yako si umeila jana? Nyinyi hamna kalenda?"

Hatuna kalenda, sisi.

Hapo ndipo paliponiunguza. Jana mchana nilikaa kwenye intaneti kafe nikasoma habari za Mwajemi mmoja, mtaalamu wa nyota wa zaidi ya miaka elfu iliyopita. Alitoka mbali kama mimi, akafanya kazi Baghdadi kwa khalifa. Alichukua hesabu za Wahindi, akatengeneza majedwali ya jua na mwezi, na jingine la kujua mwezi mwandamo utaonekana jioni gani. Mimi niliishia darasa la saba. Hesabu zenyewe sizielewi. Nimeelewa hili tu: mtu wetu aliweza kusema mapema kwamba jioni fulani msijisumbue. Na kitabu chake cha Kiarabu kimepotea. Kilichobaki ni tafsiri ya Wazungu.

Hata hicho tumekiacha kikapotea.

Ilunga, Mkongo ninayeishi naye chumba kimoja, ananitania, akiniita kaka kwa Kiswahili cha kwao: "Yaya, Noeli yetu haingojeaka mawingu."

Sisemi tuache kuutazama mwezi. Lakini mzee angeniambia tu kwamba Alhamisi hauwezi kuonekana, leo ningeswali na wenzangu wa Tanga walioko hapa, mara ya kwanza tangu nije huku.

Kesho narudi msikitini. Siendi kugombana. Nitamuuliza yule mzee nani kati yetu anazijua hesabu za Mwajemi.

Akicheka tena, nitaondoka tena?