Siafu Walioingia Ghalani: Kikao cha Kamati ya Ghala, Kerenge

TAREHE: 2 Machi 1975
MAHALI: Nje ya ghala la kijiji, ndani wameingia siafu.
WALIOHUDHURIA: Mzee Kibwana (Mwenyekiti), Ndugu Habakuki (mtunza ghala), Bi Tatu, Bibi Mwaija (Katibu, ndiye mimi ninayesema), Paulina wa kisomo cha watu wazima (anaandika).
ASIYEHUDHURIA: Sadala. Alisema mguu unamuuma, lakini kaonekana mnadani Mombo.

KUMB. NA. 1/75: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao akiwa amesimama juu ya kinu. Hakuna aliyekaa.

KUMB. NA. 2/75: SIAFU
Ndugu Habakuki alitaka siafu wachomwe kwa mafuta ya taa kama mwaka jana, mbegu zisiharibike. Katibu akamwambia, mwaka jana uliwachoma, panya wakazaana mpaka wakamaliza mbegu, tukaenda kuomba nyingine kijiji cha Bungu, na watu wa Bungu wakishakupa kitu watakisema mpaka uzeeke. Habakuki alisema Bibi ana neno naye tangu habari ya jogoo. Katibu alijibu kwamba jogoo hayumo kwenye ajenda, ingawa alikuwa wangu.

Katibu alieleza kwamba kwetu Handeni siafu wakiingia tulibeba watoto, tukatoa kuku, tukawaachia nyumba. Marehemu mume wangu walimkuta anaoga, akatokea barabarani vilevile alivyo, na bado hakuwachoma. Siafu hali mahindi. Anakula mende, mchwa, vitoto vya panya. Chakula kikiisha anaondoka, hafukuzwi. Panya wakizidi tena anarudi, haitwi.

Mwenyekiti aliuliza, je wakikaa wiki nzima, na msimu wa kupanda ndio huu? Bi Tatu alisema kibiriti hakiozi, tungoje.

KUMB. NA. 3/75: AZIMIO
Ilikubaliwa tungoje hadi jioni, na kuku wa jirani watolewe. Habakuki alikubali, kibiriti akabaki nacho mkononi.

KUMB. NA. 4/75: MENGINEYO
Baada ya alasiri siafu walitoka wenyewe, wakashika njia ya mtoni. Habakuki aliingia wa kwanza. Alikaa humo kitambo, akatoka na gunia la mbegu begani, halina tundu. Akasema panya hamna, hata harufu yao imepungua. Akauliza, "Bibi, na mwakani wakirudi?"
Katibu akajibu, "Utoe kuku."

Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni, wajumbe wakijikuna. Kibiriti kimekabidhiwa kwa Katibu.

Sahihi ya Mwenyekiti: Kibwana
Dole gumba la Katibu: Mwaija