Suruali Zilizoua Bendi

Kwako kaka, mwimbaji mtoro,

Salamu zako huzileta watu, maana mwenyewe kalamu imekushinda. Sisi wazima. Dramu yangu kubwa sasa ni kiti cha mama cha kushonea.

Huku bado tunachekwa. Mazoezini bendi nzima tulizoea kuanza tukiona umegonga mguu, halafu kwa onyesho letu la kwanza, kwenye harusi, mama akatushonea suruali ndefu za kufagia sakafu! Ukagonga, sisi tukabaki kukodolea kitambaa. Mpiga gitaa akaanza wimbo wa kwanza, mimi nikaanza wa mwisho, bibi harusi akaanza kulia. Wewe ukatokea mlango wa jikoni, moja kwa moja mpaka huko uliko. Hata bwana harusi hakukimbia!

Kweli kaka, bendi ife kwa sababu ya suruali?

Mama hakutaji. Ila amezipunguza suruali zetu zote, sasa viatu vinaonekana vizuri. Yako tu ameiacha vilevile. Nilipomuuliza, aling'ata uzi kwanza, akasema, "Nitapimaje mguu ambao haupo?"

Njoo upimwe.

Ni mimi mdogo wako, ambaye mpaka leo natazama watu miguuni.